Digri chache tu: joto na baridi ya nchi yetu



Ukiwauliza watoto wa shule ni wapi kuna baridi kuliko pote katika Kongo, wengi watajibu Goma au Bukavu. Ukiwauliza joto, watajibu Matadi au Kinshasa. Majibu hayo si mabaya, lakini hayatoshi. Sasa kiangazi kimeingia na usiku tunatafuta blanketi, basi tuzungumze kidogo juu ya joto na baridi: namna vinavyopimwa, vinafika wapi, na kwa nini digri mbili tatu zinagusa sufuria yako na uhai wa mtoto wako.

Namna ya kupima

Wapimaji wa hali ya hewa hawaweki termometa juani. Wanaiweka ndani ya kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, chenye kuta za kupitisha upepo, kikisimama juu ya majani kwa kimo cha kifua cha mtu mzima hivi. Kinachopimwa ni joto la hewa kivulini. Ndiyo maana hata bati la nyumba likiunguza kidole saa nane mchana, hatuwezi kusema kwamba Kalemie imefika digri 60. Termometa moja inashika joto kubwa la mchana, nyingine inashika baridi kubwa ya usiku, na mpimaji anaandika kila siku katika daftari. Namba iliyopita zote kwa miaka mingi ndiyo inaitwa rekodi.

Rekodi inaweza pia kufutwa. Kwa miaka 90 vitabu vilifundisha kwamba joto kubwa kuliko yote duniani lilikuwa digri 58, lililopimwa El Azizia, Libya, tarehe 13 Septemba 1922. Mwaka wa 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilichunguza daftari lenyewe, likaona kwamba aliyeandika hakuwa amezoea chombo alichokisoma, likaifuta. Leo rekodi inayotambuliwa ni digri 56.7 za Death Valley, huko California, Marekani, tarehe 10 Julai 1913. Kwa baridi, hakuna aliyeshinda Vostok, kule Antaktika, penye digri 89.2 chini ya sifuri tarehe 21 Julai 1983. Na katika Afrika yetu, baridi kubwa iliyoandikwa ni ya Ifrane, mji wa milimani nchini Morocco: digri 23.9 chini ya sifuri, tarehe 11 Februari 1935.

Na Kongo?

Kongo haifiki huko. Sisi tuko katikati ya dunia, ikweta inapita kwetu, na mawingu, mvua na pori kubwa vinalinda hewa. Wingu ni kama kikwembe: mchana linazuia jua lisichome sana, usiku linazuia joto la udongo lisikimbie. Kule Mbandaka, mwezi wa joto na mwezi wa baridi wanaachana kwa digri moja au mbili tu. Mtu wa huko akisikia habari za Vostok anacheka.

Lakini nchi yetu ina ngazi. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, joto linapungua karibu digri 6. Kalemie iko meta 770 hivi juu ya bahari. Bukavu iko karibu 1,500, kwa hiyo wanavaa sweta wakati sisi tunajipepea. Hatuhitaji hata kutoka katika jimbo letu la Tanganyika: panda kutoka Moba kwenda milima ya Marungu, upande wa Pepa penye ng'ombe, utapita meta 2,000 na kupoteza digri nane hivi njiani. Na juu kabisa, kwenye mpaka na Uganda, kuna Ruwenzori. Kilele chake cha Margherita kina meta 5,109, na juu yake kuna barafu, karibu kabisa na ikweta. Barafu hiyo imepungua sana tangu watu wa kwanza kujulikana kufika kilele hicho mwaka wa 1906.

Wengi hawajui jambo hili: kwenye uwanda wa juu wa Katanga, upande wa Lubumbashi na Sakania, kuna alfajiri za Juni na Julai ambapo umande unaganda juu ya majani na bonde linakuwa jeupe kama limenyunyiziwa unga. Sababu ni ule ule mfano wa kikwembe. Kule kiangazi ni kikavu sana, mbingu haina hata wingu moja, na usiku joto lote la udongo linapanda na kupotea. Hewa baridi ni nzito, inateremka na kulala mabondeni. Watu wa bustani wanaijua: mboga za bondeni zinaungua kwa baridi kabla ya zile za kilimani. Kalemie inaokolewa na ziwa. Maji mengi hayapoi upesi wala hayapashi upesi, basi yanatupunguzia joto mchana na baridi usiku. Ndugu zetu wa Manono na Kongolo, walio mbali na ziwa, wanajua Septemba na Oktoba kabla ya mvua ni kitu gani.

Wakati wa Wabelgiji vituo vya kupima vilikuwa vingi, hasa vile vya INEAC, shirika la kilimo lililoanzishwa mwaka wa 1933 na kuwa na makao yake Yangambi. Baada ya hapo vingi vilinyamaza, kwa vita, kwa wizi, kwa kukosa mshahara wa mpimaji. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa Mettelsat, na nchi ina kilometa za mraba zaidi ya 2,300,000. Joto kubwa kuliko yote ya Kongo huenda lilipita siku moja kijijini bila mtu wa kuliandika.

Digri za ziwa

Sasa tuje kwenye sufuria. Maji ya juu ya ziwa Tanganyika yana digri 24 hadi 28 kufuatana na majira. Chini kabisa, kwenye kina cha meta 1,470, ni karibu digri 23 na nusu. Tofauti ni ndogo, lakini samaki wetu wanaishi kwa sababu yake. Wakati wa kiangazi maji ya juu yanapoa na kuwa mazito, upepo wa kusini unayasukuma, na maji ya chini yanapata nafasi ya kupanda yakibeba mbolea iliyolala huko. Mbolea hiyo inalisha mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, mimea inalisha vidudu, vidudu vinalisha ndakala, na ndakala wanalisha mikeke na sisi.

Maji ya juu yakibaki na joto, yanabaki mepesi, hayachanganyiki, na mbolea inakaa chini. Mwaka wa 2003 wataalamu walionyesha kwamba ziwa linapata joto na chakula cha samaki kinapungua. Mwaka wa 2010 wengine walisoma matope ya chini ya ziwa, wakakuta maji ya juu yana joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Nyavu za macho madogo na wingi wa mitumbwi vina sehemu yao, tusijidanganye. Lakini mama anayenunua ndakala kwa bei kali pale Kituku ajue kwamba digri moja ya ziwa nayo imo ndani ya bei hiyo.

Baridi ya mtoto mchanga

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtoto anayezaliwa, akiachwa uchi mahali penye digri 23, anapoteza joto sawasawa na mtu mzima aliye uchi penye digri sifuri. Digri 23! Kwetu hiyo ni jioni nzuri ya kukaa nje. Na usiku wa kiangazi hapa Kalemie unashuka chini ya 20. Kwa hiyo mtoto wa Kalemie anaweza kupatwa na baridi ya Sakania ndani ya nyumba yetu, na zaidi yule anayezaliwa chini ya turubai, kwa ndugu zetu waliokimbia vita.

Mwili wa mtoto mchanga unapaswa kuwa na digri 36.5 hadi 37.5. Basi:

– Akizaliwa tu, apanguswe akauke, kichwa kwanza, kisha alazwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na wafunikwe pamoja. Avishwe kofia.
– Asiogeshwe siku ya kwanza. Mnisamehe wabibi, najua maji ya moto yako tayari, lakini yangoje saa 24.
– Anyonye mapema na mara nyingi. Maziwa ndiyo kuni zake.
– Aliyezaliwa kabla ya wakati abebwe kifuani mchana na usiku. Waganga wa Bogotá, Kolombia, walianza njia hiyo mwaka wa 1978 kwa kukosa mashine za kutosha, na leo inafuatwa dunia nzima.
– Gusa miguu na tumbo. Miguu ikiwa baridi na tumbo moto, ongeza joto. Tumbo nalo likiwa baridi, na mtoto hanyonyi au amelegea, mweke kifuani na uende kituo cha afya usiku uleule.

Oktoba ikifika, geuza mambo: mtoto asifungwe vikwembe vitatu chini ya bati. Jasho, uso mwekundu na pumzi za haraka ni dalili kwamba ana joto kupita kiasi. Apunguziwe nguo, apelekwe kivulini, anyonyeshwe zaidi. Aliye chini ya miezi sita asipewe maji. Na akiwa moto hata baada ya kufunguliwa nguo, hiyo ni homa, si nguo: apelekwe kituo cha afya.

Wenye wajukuu wanaotarajiwa mwezi huu na ujao, tayarisheni kofia ndogo tangu sasa. Kipande cha sweta kuukuu kinatosha.