Mgeni Mdogo Mvunguni mwa Kitanda



Wazazi wenzangu, mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi nyumbani na mtoto wa paka aliyemwokota sokoni, penye wauza samaki. Alipowekwa chini tu, paka yule alikimbilia mvunguni mwa kitanda. Kijana akamvuta mguu, akaparurwa mkono. Akalia, akataka atupwe nje. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji ya mfereji dakika 15, kisha tukampeleka hospitali, kwani paka asiyechanjwa huweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Tuliporudi, bibi yake alimwuliza: "Na wewe siku ya kwanza chuoni, si ulijificha nyuma ya buibui la mamako?" Mtoto akanyamaza.

Imepokewa na Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhi. Nasi tunapomfungia mlango mtoto wa paka, tumemkatia njia ya kujitafutia. Tangu hapo riziki yake na utulivu wake ni amana shingoni mwetu.

Ni bora asitengwe na mamake kabla ya wiki 8. Afikapo, mpeni kwa siku za mwanzo chumba kimoja kisicho na kelele. Mwekeeni sanduku la kujifichia lenye kanga kuukuu, maji safi, na beseni la mchanga mbali na chakula. Paka kwa maumbile yake hufukia uchafu wake. Mlisheni kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku: samaki au kuku aliyepikwa, asiye na miiba wala mifupa, bila kitunguu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Akipitisha siku nzima bila kula, apelekwe kwa daktari wa mifugo, ambaye pia ndiye wa kumpa dawa ya minyoo na chanjo.

Watoto waketi sakafuni wamngoje, wasimfukuzie. Mama mjamzito asisafishe beseni la mchanga, kwani mna maradhi yawezayo kumdhuru aliye tumboni.

Wako wanaochelea tohara zao. Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akimiminiwa maji ya udhu na mkazamwana wake, Kabsha. Paka akaja, naye akamwinamishia chombo anywe. Kabsha alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amesema paka si najisi. Ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Kinyesi chake na mkojo wake ndivyo vya kuoshwa.

Usiku wa nne, mgeni wetu alitoka mvunguni. Mjukuu alikuwa ameketi kimya, mkono wenye bendeji umetulia pajani. Paka akamsogelea, akamnusa vidole, kisha akaenda kwenye sahani yake akala. Kijana hakumgusa.

Wabillahi tawfiq.