Sauti Zilizohifadhiwa: Kutoka Silinda ya Nta hadi Kanda

Himdi zote ni za Mola Muumba, aliyempa mwanadamu ulimi wa kunena na sikio la kusikia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Katika nyumba nyingi za mwambao, juu ya kabati au chini ya kitanda, mna sanduku la kanda kuukuu. Ndani yake mna darsa za masheikh waliotangulia mbele ya haki, maulidi ya mtaani, na barua za sauti za jamaa waliokwenda Ghuba kutafuta riziki. Kabla hatujaamua kuzitupa, yafaa tujue sauti ilisafiri vipi hata ikatufikia.

Kwa karne nyingi sauti haikuwa na makazi ila katika vifua vya watu. Qur'ani Tukufu ilipokewa kwa moyo, mwalimu akisoma na mwanafunzi akimrudishia. Mwaka 1877, huko Marekani, Thomas Edison alibuni fonografu. Mtu alinena mbele ya kiwambo chembamba kikatikisika, na sindano iliyoshikamana nacho ikachora alama juu ya karatasi ya bati iliyovishwa silinda. Sindano ilipopita tena katika alama zile, sauti ilirudi. Lakini bati lilichakaa upesi, na katika miaka ya 1880 zikaja silinda za nta, ambazo moja ilichukua kama dakika mbili tu.

Mwaka 1887 Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, akaleta gramafoni na sahani yake bapa. Ubora wake ulikuwa kwamba kutokana na sahani moja ya asili ziliweza kupigwa chapa nakala nyingi mno. Ndizo santuri za wazee wetu, zilizofanywa kwa shelaki, namna ya lakiri itokanayo na wadudu wa Bara Hindi. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo mrefu ulibidi ukatwe, au ugawanywe pande mbili. Ni kwa santuri za namna hiyo Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti yake ingali yasikika leo.

Ulamaa hawakunyamaza mbele ya chombo hiki. Mwaka 1899 Sayyid Uthman wa Batavia, mji uitwao Jakarta leo, mwenye asili ya Hadhramaut kama nyingi za familia zetu, aliandika risala juu ya fonografu. Maswali ya zama zile yalikuwa mazito. Je, sauti itokayo katika chombo ni kisomo? Je, msikilizaji asujudu sijda ya tilawa? Je, inafaa maneno matukufu yachezwe mahali pa upuuzi? Ilikuwa ni kulinda adabu, na swali la mwisho latuhusu hata sisi, ambao Qur'ani i ndani ya simu ile ile yenye kila kitu.

Tarehe 31 Mei 1934 redio ya Misri ilifunguliwa kwa kisomo cha Sheikh Muhammad Rifat. Vingi vya visomo vyake vilipita hewani vikatoweka. Sehemu kubwa ya vilivyobakia tunavyo kwa sababu wapenzi wake walivirekodi majumbani mwao. Kisha, mwaka 1948, ikaja santuri ya muda mrefu, yenye dakika zaidi ya 20 kila upande, na mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary akarekodi Qur'ani nzima kwa tartili. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ikatoa kanda ndogo ya kaseti, na hapo kila nyumba ikaweza kurekodi yenyewe.

Hapa ndipo penye jambo letu. Santuri za kampuni zina nakala nyingi duniani, bali darsa ya bibi yako huenda ina kanda moja tu. Ukanda wake ni plastiki iliyopakwa unga wa madini ya chuma, na unyevu, joto na vumbi huula kidogo kidogo. Enyi kina mama, nyinyi ndio watunzaji wa masanduku haya. Ziwekeni kanda mahali pakavu, mbali na jua na spika zenye sumaku. Andikeni jina la msemaji na mwaka, maadamu yuko anayeitambua sauti. Kisha mwambieni kijana ainakili katika kompyuta, na nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine. Yaliyo siri za watu yasisambazwe.

Mwalimu akifa na elimu yake ikaendelea kunufaisha, thawabu zake hazikatiki. Tusiwe sisi wa kuzikata kwa uzembe. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atujaalie kuwa warithi waaminifu. Amin.