Daraja la Sanaa za Kujihami Hupimwaje? Mambo ya Kuzingatia kwa Wazazi na Walimu

Mwanafunzi anaporejea nyumbani na cheti cha daraja la karate, judo au kendo, mzazi wa Tanga, Pangani au Muheza ana haki ya kuuliza: cheti hiki kinathibitisha nini, na nani amekithibitisha?

Utaratibu wa madaraja ulianzishwa na Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani aliyeasisi judo mwaka 1882. Mwaka uliofuata aliwatunuku wanafunzi wake wawili daraja la kwanza la dan. Hadi leo ngazi ni za aina mbili. Ngazi za wanaojifunza huitwa kyu, nazo huhesabiwa kwa kushuka hadi kyu ya kwanza. Baada ya hapo huanza dan, zinazohesabiwa kwa kupanda. Kwa hiyo mkanda mweusi si tamati ya mafunzo, bali ni uthibitisho kwamba mwanafunzi ameimudu misingi.

Kendo, mchezo wa upanga wa mianzi, hauna mikanda ya rangi. Kwa taratibu za Japani, mwenye kyu ya kwanza aliyetimiza miaka 13 anaweza kutahiniwa dan ya kwanza. Mtihani huhusisha pambano, mifumo maalumu ya upanga na maswali ya kuandika. Watahini hawahesabu nani amepiga mara nyingi zaidi; hutazama iwapo nia, upanga na mwili vimekwenda pamoja katika pigo moja. Kutoka dan ya kwanza hadi ya pili hupita mwaka mmoja, kisha miaka miwili, mitatu na kuendelea. Anayewania dan ya nane huwa amesubiri miaka isiyopungua 31 tangu dan ya kwanza, na sharti awe ametimiza umri wa miaka 46.

Mwambao wa Waswahili nao una mchezo wake wa fimbo, kirumbizi, ambao wachezaji wawili hukabiliana kwa mlio wa ngoma na zumari. Humo hakuna cheti. Mwamuzi ni macho ya hadhira. Sanaa za Kijapani zilikuja na utaratibu mwingine. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianza kufundisha karate jijini Dar es Salaam, katika chuo kilichojulikana baadaye kwa jina la Zanaki Dojo. Zanzibar, judo ilistawi kuanzia miaka ya 1990 chini ya Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Mwaka 2016 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Daraja lililotolewa bila kustahiki lina madhara. Mtoto hujiamini kuliko uwezo wake. Aidha, mwenye cheti hicho huweza kugeuka mwalimu. Katika judo somo la kwanza ni namna ya kuanguka. Anayefundisha kuangusha wenzake kabla ya somo hilo huhatarisha shingo na vichwa vya watoto.

Kabla ya kumwandikisha mtoto, mzazi au mkuu wa shule aulize mambo manne: daraja la mwalimu limetolewa na chama gani, watahini ni akina nani zaidi ya mwalimu mwenyewe, muda gani hupita kati ya mtihani mmoja na mwingine, na ada hulipiwa nini. Tanzania Bara, usajili wa vyama na vilabu vya michezo husimamiwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na Zanzibar ina baraza lake.

Ni vyema pia kuuliza ni wanafunzi wangapi hushindwa mtihani. Klabu ambayo kila mtahiniwa hufaulu kila mara, mradi amelipa ada, yafaa ichunguzwe kwa makini. Mtoto aliyeambiwa arudie baada ya miezi sita hajaaibishwa. Amepewa muda wa kujifunza.