Baridi ya Huku ama Joto la Mahama?

Swali linalozunguka katika jamaa nyingi ni hili: tubaki huku Rugerero, ama tuombe kufuata ndugu zetu Mahama? Wengi wanajibu haraka, "Twende, huko kuna joto!" Siye tunasema, tupime kwanza.

Faida zipo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kadiri unavyopanda barabara ya Musanze ndivyo baridi na mvua vinavyozidi. Mzee mwenye maumivu ya viungo anaijua baridi hiyo, usiku shitingi ikilowa. Mahama iko wilaya ya Kirehe, karibu na mto Akagera na mpaka wa Tanzania, na ni joto kweli. Ilifunguliwa 2015 kwa ajili ya Warundi, ikawa kambi kubwa kuliko zote Rwanda; shule na vituo vya afya vipo. Tena njia hiyo si ngeni. Wakongomani waliookoka mashambulio ya Mudende, hapa hapa Rubavu, mwaka 1997, walipelekwa Gihembe, mlima wa baridi kule Byumba. Mwaka 2021 Gihembe ilifungwa kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo, jamaa zikahamia Mahama.

Sasa hasara. Ya kwanza ni malaria, ambayo mashariki mwa Rwanda ni nyingi kuliko milimani. Aliyekulia milimani mwili wake haujaizoea. Ikimshika inamwangusha vibaya, zaidi mtoto chini ya miaka 5 na mama mjamzito. Baridi unaifukuza na blanketi, lakini mbu haogopi blanketi. Ya pili ni kiangazi, Juni mpaka Agosti: jua na vumbi, na vumbi ni adui wa mwenye pumu. Ya tatu ni umbali. Mpaka Kigali tu ni zaidi ya kilomita 150, na Kirehe bado iko mbele. Huku Goma iko mlangoni, habari za nyumbani zinafika upesi, na mama mwenye meza yake ya mboga ana wateja wanaomjua. Kule anaanza upya.

Kwa hiyo mtu asiulize tu, "Nani anasikia baridi?" Aulize, "Nani ni dhaifu hapa nyumbani, na ni kitu gani kitamuumiza zaidi?" Nyumba ya mzee wa viungo inaweza kujibu tofauti na nyumba ya mtoto mchanga.

Mkikata shauri la kwenda, bebeni karatasi za hospitali, kadi za chanjo na ripoti za shule. Siku ya kwanza kabisa fungeni supaneti. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

Mungu awalinde, wanaobaki na wanaoenda.