Je, Wajua? Pakiti ya chambiko hutoa jibini ya kupaka

Chambiko, mtindi unaouzwa madukani Lilongwe, hugeuka jibini laini bila moto wala mashine.

• Mimina chambiko kwenye kitambaa safi, kifunge, ukitundike juu ya bakuli usiku kucha mahali penye ubaridi. Maji yakishachuruzika, kinachobaki kitambaani ni jibini.

• Maji hayo usiyamwage: pikia uji au kandia unga wa chapati.

• Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya protini ina 4. Ndiyo maana jibini ya krimu, yenye mafuta mengi, hufikia kalori 340 hivi kwa gramu 100, na ya maziwa yaliyoenguliwa krimu huwa na chache zaidi.

• Tia chumvi kidogo, kitunguu na dania, kisha paka kwenye tango, karoti au kiazi kitamu kilichochemshwa.

• Nyumba nyingi za Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Dowa mwaka 1994, hazina friji. Kwa hiyo tengeneza kidogo, iishe siku hiyo hiyo.

• Watoto wadogo na waliokonda wapewe jibini ya maziwa yenye mafuta yote, kwani wanahitaji kalori.