Koili Moja au Mbili? Hesabu Iliyojificha Ndani ya Katriji

Sigara za Kielektroniki: Sehemu ya Tatu

Sehemu mbili zilizopita zilimfuata Hon Lik, mfamasia Mchina aliyebuni sigara ya kielektroniki ya kisasa mwaka 2003, kisha zikaeleza kilichomo katika majimaji yanayovutwa: propilini glaikoli, glisarini, vionjo na, mara nyingi, nikotini. Leo ni zamu ya waya. Mnunuzi akifika kaunta huulizwa anataka katriji ya koili moja au ya koili mbili, na muuzaji huwa na jibu tayari: mbili, kwa kuwa mvuke ni mwingi. Hasemi kwamba na bei imepanda.

Katriji iliyokwisha kazi, ikipasuliwa kwa koleo, inaonyesha mambo yote waziwazi. Ni bomba dogo la chuma lililoshindiliwa pamba ya polyesta inayonyonya majimaji. Katikati unapita mrija wa nyuzi za kioo, na ndani ya mrija huo umelala utambi uliozungushiwa waya mizunguko michache. Waya huo ndio koili. Kwa kawaida ni wa nikromu, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, au wa mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini. Katriji ya koili mbili ina tambi mbili, kila mmoja na waya wake, ila ncha za nyaya zote zimeungwa mahali pamoja. Pamba iliyo jirani na waya huwa imegeuka kahawia, na juu ya waya wenyewe kuna ugaga mweusi: mabaki ya vionjo vitamu vilivyoungua.

Jambo lenyewe liko kwenye hizo ncha. Koili zimeungwa sambamba, na kwa muungo huo ukinzani hupungua badala ya kuongezeka. Koili mbili za omu 3 kila moja, betri inazihesabu kama koili moja ya omu 1.5. Chukua betri ya volti 3.7. Kwa koili moja ya omu 3, kanuni ya Ohm inatoa mkondo wa ampea 1.2 hivi na nguvu ya wati 4.6. Kwa koili mbili, mkondo unapanda hadi karibu ampea 2.5 na nguvu inafika wati 9.1. Sasa zigawe wati hizo kwa mbili: kila koili imebaki na wati 4.6 zilezile. Hakuna waya uliopata moto zaidi. Kilichoongezeka ni sehemu inayochemsha majimaji, na ndiyo maana wingu ni kubwa.

Anayewasha majiko mawili ya umeme badala ya moja anaijua hesabu hii: sufuria mbili zinachemka kwa pamoja, na yuniti za LUKU zinakwisha mara mbili upesi. Betri ya miliampea-saa 650, saizi iliyozoeleka katika vifaa vya umbo la kalamu, kwa hesabu ya karatasini inatoa mivuto 630 hivi ya sekunde tatu kwa koili moja. Kwa koili mbili inatoa nusu yake. Mkononi mwa mvutaji mivuto ni michache zaidi, kwa sababu volti hushuka kadiri betri inavyochoka, na hushuka zaidi betri inapodaiwa mkondo mkubwa. Betri ndogo zenye umbo la sigara ya kawaida ndizo zinazoaibika kabisa. Zikibebeshwa koili mbili hutoa mvuke wa uvuguvugu, au zinajizima.

Yote hayo ni kwa betri inayotoa volti bila kupangwa. Kwenye kifaa ambacho mvutaji anachagua wati mwenyewe, mambo yanageuka. Akiweka wati 10, koili moja inapata zote kumi. Koili mbili zinagawana tano tano. Waya ni mwingi wa kupasha na moto ni uleule, hivyo unachelewa kuchemka. Wapo wanaonunua katriji ya koili mbili, wakakuta mvuke umefifia, wakadhani wameuziwa bandia. Wangepandisha wati tu.

Kasoro ya koili mbili isiyosemwa madukani ni kwamba si lazima zilingane. Tuseme moja imetoka kiwandani na omu 2.5 na nyingine omu 3.5. Kipimo kitasoma karibu omu 1.46, namba isiyomtia mtu shaka. Lakini kwa volti 3.7, ya kwanza inabeba wati 5.5 na ya pili 3.9. Ile ya kwanza inakausha utambi wake mapema, na hapo ndipo koo linapokutana na ladha ya kuungua.

Ladha hiyo si ya kupuuzwa. Glisarini ikipashwa kupita kiasi huvunjika na kutoa akrolini na fomaldehaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walichapisha matokeo yao katika jarida la New England Journal of Medicine: kwa volti 3.3 hawakukuta viambata vinavyotoa fomaldehaidi, kwa volti 5 wakavikuta. Wapinzani wao walijibu kwamba mvuke wa utambi uliokauka una ladha mbaya ambayo hakuna mtu angeivumilia. Hoja hiyo ina uzito, ila inamwachia mvutaji ulimi wake kuwa kipimo pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walipima vifaa vya wavutaji 56 wakakuta risasi, nikeli na kromiamu katika mvuke. Majimaji ya kwenye chupa yalikuwa na metali kidogo tu. Viwango vilipanda baada ya majimaji kukutana na koili.

Nikotini nayo inahitaji hesabu yake. Aliyezoea mililita 3 kwa siku za majimaji yenye miligramu 18 kwa mililita, akihamia koili mbili na matumizi yakafika mililita 6, anachoma miligramu 108 badala ya 54. Anayehama hana budi kushusha ukali wa majimaji.

Kwa mtu anayetumia kifaa hiki ili aachane na sigara, na mwenye betri ndogo, koili moja ya omu 2 au zaidi inatosha. Koili mbili zinamfaa mwenye betri kubwa, kifaa cha kupanga wati na majimaji ya nikotini hafifu. Asiyevuta sigara hahitaji hata moja, na kijana hahitaji kabisa, kwa kuwa nikotini hutia uraibu katriji iwe ya aina yoyote. Msomaji wa Uganda akumbuke pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku bidhaa hizi nchini humo.

Aliyeamua kununua asome kwanza namba ya omu kwenye pakiti. Pakiti isiyo na namba hiyo iachwe dukani.

Itaendelea wiki ijayo: betri, na kwa nini nyingine hulipuka.