Mwanga na Sumukuvu Katika Mafuta ya Karanga

Mnamo mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hapo mwanzo haukujulikana sababu. Uchunguzi uliishia katika chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazil, yaliyoota ukungu uitwao Aspergillus flavus. Sumu ya ukungu huo ikaitwa aflatoksini, nayo Tanzania hujulikana siku hizi kwa jina la sumukuvu. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 watu 20 nchini Tanzania. Hao walikula mahindi, si karanga. Lakini sumu ni ile ile.

Karanga zenye ukungu zikikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika mashudu, na sehemu nyingine hufuatana na mafuta. Kiwandani mafuta husafishwa kwa magadi makali, kisha kwa udongo maalumu wa kung'arishia, na karibu sumu yote huondoka. Mafuta ya kinu kidogo cha kijijini hayapitii hatua hizo. Wala moto wa jikoni hautoshi: aflatoksini B1, iliyo kali kuliko zote, huvunjika inapokaribia nyuzi 268 za Selsiasi, ilhali mafuta ya kukaangia hufikia nyuzi 180 hivi.

Hapo ndipo mwanga unapofaa. Herufi B inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya buluu, kwa kuwa sumu hiyo ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno hung'aa kibuluu. Aina za kundi la G hung'aa kijani. Hunyonya zaidi miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 362 hivi, na nishati inayonyonywa huweza kuibadili molekuli yenyewe. Sehemu moja iliyo dhaifu ni kifungo maradufu cha kaboni kilicho katika pete ya ukingoni. Kwa bahati njema, ni kifungo hicho hicho ambacho ini hukigeuza kuwa kitu kinachoshikamana na DNA na kuleta saratani.

Miale hiyo imo katika jua, na kioo cha kawaida huipitisha. Katika miaka ya 1970 watafiti wa India walionyesha kwamba jua huivunja aflatoksini iliyomo katika mafuta ya karanga yasiyosafishwa.

Hata hivyo pana ugumu. Miale haipenyi mbali ndani ya mafuta, hivyo hayana budi kutandazwa au kupitishwa mbele ya taa katika utando mwembamba. Mwanga huo huo huyachochea kuungana na oksijeni, yakachacha na kupungukiwa vitamini E. Tena sumu isiyoonekana katika kipimo si lazima iwe imegeuka chakula: mabaki yake nayo hupimwa, na kazi hii ndiyo inayochelewesha wataalamu kuliko ile ya kuwasha taa.

Mashudu, yaliyowaua bata wale, hayafaidiki sana na njia hii. Miale huishia juu juu, na sumu iliyo ndani hubaki.